Picha Mia Mbili na Kumi na Mbili

Jumamosi, 2 Machi 2024

Mie ni Fransis Chinguile wa Mtoni, Temeke. Nina miaka sabini na tisa. Nimewazidi kuishi mapadre wanne wa parokia yetu, chama cha ushirika cha wachongaji ambacho kadi yangu ilikuwa namba tatu, shamba la mkonge nililokatia nikiwa kijana, na kaka zangu wote watano. Nimemzidi pia mwanangu Cyprian, ambaye hakupaswa kuwemo kwenye hesabu hii. Malaria imenishika mara nyingi ikaniachia yenyewe. Basi sioni kwa nini kompyuta inishinde.

Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, jioni, baada ya kazi. Mwalimu alisema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa karani wa kata. Naandika daftari hili ili watu wa jumuiya yetu wasije wakasema kazi hii alifanya mtu mwingine.

Kazi yenyewe ni hii. Kompyuta ni ya Cyprian. Alikuwa mpiga picha wa harusi, komunyo na mahafali, alikuwaga na kibanda chake hapa barabara ya Kilwa. Tulipomzika mwaka juzi ikaletwa nyumbani, ikawekwa chumbani kwake, ikafunikwa kitenge. Humo zimo picha zote za familia. Hata zile za zamani za karatasi alizipitisha kwenye mashine zikaingia humo, na bora alifanya hivyo, maana za karatasi maji yaliingia kabatini yakazigandisha kama ugali wa jana. Kwa hiyo zilizobaki ni za humo tu. Mke wangu Bernadeta, mama Cyprian, anataka kuwaona wanawe kwenye televisheni kubwa kabla macho hayajafunga. Nimemwambia atawaona. Nitamtengenezea diski, picha zipite zenyewe na kwaya chini yake, kama Cyprian alivyowafanyiaga wateja.

Jumapili, 3 Machi

Niandike vizuri habari ya macho ya mama Cyprian, maana Felicitas binti yetu alinifafanulia mara mbili kwa simu kutoka kwake Wazo. Ni sukari. Jicho la kulia mshipa umevuja damu ndani. La kushoto lina ukungu lakini linaokoleka. Wamempa tarehe ya kliniki, 17 Aprili, wampige mwanga maalumu kwenye hilo la kushoto. Akikosa siku hiyo, daktari hakumalizia sentensi.

Kioo cha kompyuta ni kidogo, haoni kitu. Televisheni aliyotuletea Felicitas ni kubwa, mama Cyprian akivuta kigoda karibu anaona vizuri kiasi.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mwajabu, mwenye steshenari jirani na kisima. Ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, anachapa barua na kudurufu vyeti, na kompyuta anazijua. Nikamwomba diski tupu.

"Diski? Mzee wangu, siku hizi nani anahangaika na diski? Niletee flashi. Dakika mbili nakuhamishia, unachomeka kwenye tundu la TV, mnatazama."

"Flashi ni kitu cha ukubwa wa kucha. Kitapotea."

"Na diski haipotei?"

"Cyprian alitengeneza diski. Mie natengeneza diski."

Akacheka. "Haya baba. Ukikwama uje. Ila usije na hasira za kwako ukaniachia mie."

Akanipa diski kumi. Mie kukwama sijui kukoje.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepanga picha siku nne. Mia mbili na kumi na mbili. Ukibonyeza alama ya diski yenye moto, kompyuta inaanza kuzipika picha kuwa filamu, halafu inachoma kwenye diski. Kuchoma ndivyo wanavyosema. Mama Cyprian alishtuka, "Unawachoma wanangu?" Nikamwambia hapana, ni lugha tu.

Ikapika saa nzima. Ilipofika asilimia sitini na tatu, umeme ukakatika. Diski imekufa. Ukiigeuza unaona duara jeusi limeishia katikati.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Misa hatukwenda.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Diski ya pili. Imefika themanini na moja, mashine ikalia kama paka, ikaitema. Nimemuuliza Mwajabu kijuujuu, kama vile naulizia mtu mwingine. Akasema mwambie huyo mtu apunguze mwendo wa kuchoma, diski za siku hizi ni nyepesi. Huyo mtu amesikia.

Jumamosi, 16 Machi

Leo mama Cyprian alinimiminia chai. Kikombe kilijaa, chai ikaendelea kwenda mezani, ikatiririka mpaka sakafuni, naye anamimina tu huku ananisimulia habari za mahindi. Nilishika birika taratibu nikaliinua. Akasema, "Imejaa, eti?"

Nikasema ndiyo imejaa.

Mwezi uliopita alikuwa anachambua mchele.

Jumanne, 19 Machi

Jumuiya imesali kwetu. Nimewatangazia kwamba Jumatatu ya Pasaka waje wote, watatazama maisha ya nyumba hii tangu mwanzo, kazi ya mikono yangu. Mwenyekiti akasema, "Mzee Fransis, kinyago na kompyuta ni vitu viwili." Nikamwambia vyote vinataka mkono usiotetemeka. Wakapiga makofi.

Jumamosi, 23 Machi

IMEKWISHA. Naandika kwa herufi kubwa kusudi.

Nimegundua njia ambayo hata Cyprian hakuijua. Yeye alikaa saa nzima kusubiri mapishi. Mie nimehifadhi kazi yangu, likatokea faili moja, nikalishika na kipanya nikalitupia kwenye diski. Dakika mbili! Umeme haukupata hata nafasi ya kukatika. Nikaitoa diski, nikairudisha kwenye kompyuta ileile, nikaifungua. Picha zote zinapita, moja, moja, kwaya inaimba. Nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Halafu nikafagia. Sie wachongaji ndivyo tulivyofundwa. Kinyago kikiisha unafagia mabaki yote na kuyatia motoni kabla mwenye mali hajaja, asikute vipande akadhani kazi haijaisha, na asije fundi mwingine akaokota akasoma mkono wako. Nimefuta picha zote mia mbili na kumi na mbili kwenye kompyuta. Zikaenda kwenye pipa la taka, nikalimwaga na pipa. Kompyuta ni safi kama karakana yangu ilivyokuwaga. Diski ninayo. Kinyago kimeshachongwa, magogo ya nini?

Jumapili ya Matawi

Mvua, lakini tumekwenda. Mama Cyprian alishika tawi kichwa chini.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Nimeijaribu diski kwenye deki ya televisheni, peke yangu, mama Cyprian akiwa kwa jirani. Kioo cheusi. Deki inazungusha, inakohoa, inaandika maneno mawili ya Kizungu, basi. Nimefuta jicho la deki kwa pamba na spiriti. Kioo cheusi. Ni deki. Deki ina miaka kumi.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Si deki.

Nimeirudisha diski kwenye kompyuta, ambako Jumamosi ilicheza vizuri. Kwaya imeimba. Lakini mahali pa picha pana mraba mweusi wenye alama nyekundu ya kosa. Unapita, unakuja mraba mwingine mweusi. Unapita. Nilikaa nikaitazama yote, mia mbili na kumi na mbili, nikidhani mmoja utafunguka. Kwaya ilipomaliza nikasikia mama Cyprian upande wa pili wa ukuta anasema, "Wimbo mzuri. Umewapanga na wimbo mzuri."



Jumamosi, 30 Machi

Nimechoma tena. Miraba myeusi. Nimechoma tena kwa mwendo mdogo. Miraba myeusi.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Naandika ukweli, maana hakuna anayesoma.

Walikuja kumi na wanane. Viti tuliazima. Mama Cyprian alivaa kitenge chake kipya, akakaa mbele kabisa, magoti yakigusa meza ya televisheni. Mwenyekiti akasema, "Haya fundi, tufungulie pazia." Nikasema ngoja nikachukue remoti. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye boksi la umeme, nikashusha swichi kubwa.

Ndani wakasema, "Aaaah!" Nikarudi nikasema, "Mnaona? Siku ya leo!" Redio ya jirani ikawa inaimba kwa sauti ya juu kabisa. Mama mmoja akauliza mbona wale wana umeme. Nikasema wale wana laini nyingine.

Walikunywa soda za moto wakaondoka. Mama Cyprian alibaki amekaa palepale, uso kwenye kioo.

"Tusubiri," akasema. "Utarudi."

Nilisubiri naye kwa dakika kama arobaini, halafu nikaenda kuipandisha swichi.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua siku ya tatu. Chumba cha Cyprian kinavuja. Kompyuta nimeipandisha juu ya kitanda na kuifunika beseni. Naiwasha kila siku, natafuta. Nimefungua kila folda. Kuna oda za wateja, barua, picha za harusi za watu nisiowajua. Wa kwangu hawamo.

Steshenari ya Mwajabu imefungwa. Ameenda kwao Mkuranga kumalizia mfungo na kula Idi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Kila jioni ananiuliza, "Lini?" Kila jioni nina jibu jipya. Umeme, deki, waya. Yamebaki machache.

Jumatatu, 8 Aprili

Baada ya chakula cha mchana mama Cyprian alivuta kigoda mwenyewe mpaka kwenye televisheni. Akasema, "Baba Cyprian, nioneshe leo. Leo naamka naona kama nimefunikwa chandarua. Kesho sikujui."

Mtu mwingine angesema kweli hapo. Mie nilifikiri hivi: anaona kidogo sana. Hatajua. Picha zote nimezipanga kwa mkono wangu, nazikumbuka kwa mfuatano. Nikawasha televisheni, nikatia diski, kioo kikawa cheusi. Nikaweka kwaya kwenye simu, nikaificha nyuma ya kochi. Nikakaa ubavuni kwake, nikaanza.

"Haya. Hiyo ya kwanza ni Cyprian, siku ya komunyo. Shati jeupe, mshumaa mkononi. Nyuma yake ni mlango wa kanisa."

Akasogea mpaka pua ikawa inagusa kioo.

"Ya pili, Felicitas kwenye beseni, ana miezi saba. Povu limemfika masikioni."

Akapangusa jicho kwa kitenge, akatazama tena.

"Ya tatu wote wawili wamepanda gogo langu la mpingo, Cyprian amemshika mdogo wake shingoni asianguke."

Nilifika ya sita. Nilikuwa nasimulia vizuri, wallahi nilikuwa nasimulia vizuri mpaka nikaanza kuwaona mwenyewe. Halafu akasema, polepole kabisa:

"Baba Cyprian. Mlango nauona."

"Eeh?"

"Mlango ule nauona, uko wazi. Dirisha nauona mwanga wake. Wewe nakuona, una shati la bluu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Ukingo wa televisheni nauona. Lakini wanangu siwaoni. Hata kivuli. Naona vitu vyote isipokuwa wao." Akageuka, akanishika mkono, vidole vyake vya baridi. "Macho gani haya yanayochagua?"

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Pengine ukungu umekaa upande huo."

Akatikisa kichwa. Akasema Cyprian alimwita hospitali siku ile ya mwisho. Sie wote tulikuwa tumechoka, yeye miguu ilikuwa imevimba, akasema nitakwenda kesho. Kesho hakukuwa na mtu wa kumwendea. Hajawahi kuyasema haya kwangu tangu mazishi.

"Alinisubiri, sikwenda," akasema. "Na mie namsubiri, haji. Amenigeuzia uso. Zima, baba. Zima wapumzike."

Nikazima kioo ambacho kilikuwa hakioneshi kitu.

Jumanne, 9 Aprili

Hasemi.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Majirani wametuletea pilau. Hakula. Amekaa ameipa televisheni mgongo.

Alhamisi, 11 Aprili

Felicitas amepiga simu kukumbusha kliniki. Mama yake akamjibu, "Siendi."

"Mama, huendi vipi?"

"Nikafanye nini? Macho ya kuona mlango ninayo. Yaliyobaki Mungu anajua kwa nini kayafunga."

Felicitas akaomba simu nipewe mie. "Baba, kuna nini huko? Mama anaongea kama mtu aliyeaga."

Nikasema ni hali ya hewa.

Nimepigana na chui wa Nachingwea nikiwa na panga tu, kovu ninalo begani. Wala sikuogopa kama ninavyoogopa nikisikia mke wangu anapapasa ukuta kwenda jikoni. Akikaa siku sita zaidi katika fikra hii tarehe itapita, na jicho litafunga, na aliyelifunga nitakuwa mie. Naandika ili nilione limeandikwa.

Jumapili, 14 Aprili

Mwajabu amerudi. Nilimkuta anafagia maji dukani, sketi imefungwa magotini.

"Shikamoo mzee wangu. Mbona umekonda hivi, mfungo si ulikuwa wetu?"

Nikamweleza yote nimesimama majini. Akaichukua diski, akaitia kwenye mashine yake, akatazama muda mfupi sana.

"Mzee, hili faili lina uzito gani, umeliangalia?"

"Picha mia mbili na kumi na mbili."

"Nakuuliza uzito. Picha moja tu ya Cyprian ingekuwa nzito mara hamsini ya faili hili zima. Humu hamna picha hata moja. Hii ni orodha. Imeandikwa: ya kwanza iko mahali fulani kwenye kompyuta, ya pili iko mahali fulani. Ulipoijaribu nyumbani ilikwenda kuzichukua pale zilipo. Ulipozifuta, inakwenda haikuti mtu. Ile saa nzima ya kupika uliyoiruka, ndiyo iliyokuwa inaziingiza."

Mie nimechonga miaka hamsini. Nikaelewa mara moja, na bora nisingeelewa. Nilimpa mteja kipimo cha kinyago kilichochorwa mkaa kwenye karatasi, halafu nikachoma mti.

"Sasa sikiliza," akasema, na hakuwa anacheka tena. "Kitu kikifutwa hakiondoki siku hiyohiyo. Kinabaki kimelala, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Umeiwasha mara ngapi tangu ufute?"

Nikamwambia kila siku. Nikamwambia na diski mbili nilizochoma.

Akaweka ufagio chini. "Usiiwashe tena. Chomoa waya kabisa. Hata ukiota umeiwasha, amka."

Jumatatu, 15 Aprili

Waya nimechomoa, nimeukunja na kuuweka chini ya godoro langu. Mvua inapiga bati la chumba cha Cyprian. Nimeshinda mlangoni nikitazama lile beseni, mtu angedhani naingojea maiti.

Jumanne, 16 Aprili

Asubuhi nilimshika mkono mama Cyprian nikampeleka chumbani. Nikaondoa beseni, nikauweka mkono wake juu ya kompyuta.

"Ya baridi," akasema.

"Nimeichomoa. Picha hazimo. Nilizifuta mie mwenyewe, Machi, nikidhani ziko kwenye diski. Hazikuwepo kwenye diski."

"Zote?"

"Zote."

Akakaa kitandani taratibu. Bati likawa linaongea peke yake. Nikasubiri kilio. Hakikuja.

"Na siku ile uliyokuwa unanisimulia? Beseni, na gogo, na mshumaa?"

"Kioo kilikuwa cheusi. Nilizitoa kichwani."

"Cheusi kabisa?"

"Kabisa."

Akavuta pumzi ndefu, ikamtoka kwa vipande. "Kwa hiyo naona," akasema. "Niliona sawasawa. Nilitazama kitu cheusi nikaona cheusi." Akasimama, na sauti yake ikapanda mpaka nikarudi nyuma nikagonga kabati. "Siku nane, Fransis! Siku nane nimelala nikijua mwanangu amenikataa! Nimemwomba msamaha kila ninapofumba jicho! Na wewe uko hapo, unakula, unaandika daftari!"

Haniitaga jina. Miaka hamsini na mmoja hajaniita jina.

Nikasema niliogopa. Akasema, "Uliogopa nini? Kuchekwa?" Lilikuwa hilohilo.

"Mpigie Felicitas," akasema. "Aje anichukue. Kliniki naenda naye. Wewe utabaki na hiyo kompyuta yako."

Jumatano, 17 Aprili

Wamekwenda alfajiri. Saa mbili asubuhi bonde lote la kwetu lilijaa maji, barabara ikafungwa. Sikujua kama walivuka kabla au wako ndani ya gari katikati ya maji. Simu ya Felicitas haikupatikana. Nilisimama kwenye kizingiti, maji yakaja mpaka kwenye ngazi ya pili yakakaa, yananitazama.

Saa tisa simu ikaita. Walivuka. Amepigwa mwanga. Jicho la kulia wamesema limekwisha. La kushoto wamelizuia pale lilipofika, ila hawakuahidi. Atapumzika Wazo siku kumi.

Hakuomba kuzungumza na mie.

Ijumaa, 19 Aprili

Mwajabu amekuja kuichukua. Amefungua tumbo la kompyuta kwa bisibisi, akatoa kisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu cha sala. "Wamo humu, kama wamo." Akakifunga mifuko mitatu ya plastiki, akakiweka kifuani ndani ya mtandio, akaondoka na mwavuli. Nilimtazama mpaka akakata kona kisimani. Kama angeteleza.

Jumanne, 23 Aprili

Bado.

Jumatano, 24 Aprili

Bado. Nyumba hii kumbe ina sauti nyingi.

Alhamisi, 25 Aprili

Sitini na moja.

Mwajabu aliziita kwa programu ya kufufua, mara tatu. Mia moja na hamsini na moja zimeandikwa juu, hazirudi. Zilizorudi hazina majina, zina namba, na baadhi zimerudi nusu: juu picha, chini rangi ya kijivu kama ukuta usiopakwa.

Tulikaa kuzitazama moja moja kwenye mashine yake. Felicitas. Felicitas. Mama yake. Mie na kinyago. Harusi ya kaka yangu. Tulipofika thelathini Mwajabu akawa anabonyeza polepole zaidi. Hakuna Cyprian. Ndipo tulipolielewa jambo ambalo mie niliyezipanga sikuwahi kulifikiri: mwenye kamera hayumo kwenye picha zake. Katika zile zote nadhani alikuwemo kwenye tisa, na nyingi za utoto.

Arobaini. Arobaini na moja. Mwajabu akasema kwa sauti ndogo, "Ya Rabi."

Ya arobaini na nne ni yeye. Mtu mzima, kibandani kwake, kuna mtu amemwahi akampiga picha yeye badala ya yeye kupiga. Anacheka amekunja uso. Kuanzia kola ya shati kushuka chini ni kijivu.

Ndiye huyo tu. Tuliendelea mpaka sitini na moja, ndiye huyo tu.

Jumapili, 28 Aprili

Mama Cyprian amerudi. Alinisalimia kama anavyomsalimia katekista.

Jumapili, 5 Mei

Mwajabu alipika filamu vizuri kwake, akachoma diski mbili, na flashi akanipa bila kuniuliza kama nataka. Akaja nayo nyumbani mwenyewe, Felicitas pia alikuwepo. Hatukuita jumuiya.

Mama Cyprian alisogeza kigoda, akageuza uso upande ili jicho la kushoto liwe mbele. Mie nilisimama nyuma, karibu na mlango.

Zilipita. Kila moja aliisema mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. "Felicitas huyo. Hapo ni Ndanda. Nani huyu mnene? Kumbe mie." Walicheka yeye na bintiye. Mie sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Niliogopa zaidi ya siku ile ya maji, maana nilijua iko moja tu, na inakaa sekunde sita. Kama ukungu ungepita hapo, kama angepepesa.

Ilipokuja aliinua mkono.

"Simamisha," akasema.

Mwajabu akabonyeza. Picha ikasimama. Mama Cyprian akasogea mpaka pumzi yake ikaweka mvuke kwenye kioo, akaufuta kwa kiganja, akatazama. Muda ukapita.

"Nani alimnyoa huyu?" akasema. "Upande mmoja wa ndevu uko juu, mwingine uko chini. Na anavyojua kucheka hivyo mbele za watu." Akaweka kidole kwenye shavu. "Hapa chini mbona pameisha?"

Nikasema mie. "Hapo nilifuta mie."

Hakugeuka. Alibaki ameshika kioo. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Lete kigoda kingine. Utasimama hapo mlangoni mpaka lini?"

Jumapili, 12 Mei

Mvua imekatika siku nne sasa. Daftari linaishia hapa, maana nililianza nijisifie kazi na kazi yenyewe mmeiona.

Anayedhani nimetunga aende kwa Mwajabu wa steshenari, kisanduku anacho bado, na orodha ya namba sitini na moja ameiandika kwa mkono wake. Amuulize Felicitas, mwalimu, yuko Wazo, atasimulia kwa hasira lakini atasimulia kweli. Wa tatu ni Bernadeta mwenyewe. Hawezi tena kusoma, kwa hiyo nimemsomea yote jana na leo, hata pa swichi, hata pa tarehe nane. Pa swichi alisema alijua, nyayo zangu zilikuwa na matope. Pa tarehe nane alinifanya nirudie mara mbili, polepole.

Akasema niongeze haya, nami naandika kama alivyotamka: "Nilimwona mwanangu tarehe tano Mei kwa jicho la kushoto, ananicheka. Huyu mzee sijamsamehe, ila namruhusu aendelee kukaa kwenye kigoda." Mwenye kubisha aje amuulize, lakini aje asubuhi, wakati mwanga ni mwingi, na aanze yeye kusema jina lake akiwa bado mlangoni.